Taaluma Mbili, Darasa Moja: Kusomea Uanahabari na Mawasiliano ya Kisiasa Kisumu

Uanahabari na mawasiliano ya kisiasa hufundishwa pamoja katika vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki, mara nyingi ndani ya shahada moja na kwa wahadhiri walewale. Uanahabari ni kazi ya kutafuta jambo lililotokea, kulihakikisha na kulieleza kwa faida ya anayesikiliza. Mawasiliano ya kisiasa ni elimu ya jinsi vyama, wagombea, serikali, vyombo vya habari na wapiga kura wanavyosemezana. Kwa upande wa ajira, ni kazi ya kumsemea mwanasiasa au taasisi. Stadi zinazohitajika zinafanana sana: kuandika kwa ufupi, kuhoji, kuhariri sauti na picha, kusoma takwimu, kuijua hadhira. Kinachozitenganisha ni nani anayetumikiwa. Ripota humtumikia msikilizaji, msemaji humtumikia aliyemwajiri. Chuo kinachofundisha zote mbili bila kuuonyesha mpaka huo humwachia mhitimu aje kuugundua kazini, na gharama ya kujifunzia huko huwalipisha pia wale waliomwamini.

Ukanda wa Ziwa Victoria upande wa Kenya ni mahali pazuri pa kuuchunguza mpaka huo, kwa kuwa siasa ni mazungumzo ya kila siku na vyuo viko katikati ya mazungumzo hayo. Chuo Kikuu cha Maseno, kilichoanza mwaka 1990 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kujitegemea mwaka 1991, kiko kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, na kina kampasi ndani ya jiji la Kisumu. Shahada yake ya mawasiliano imeunganishwa na teknolojia ya vyombo vya habari pamoja na masomo ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Rongo, katika kaunti ya Migori, kilichopewa hati yake mwaka 2016, kina kitivo kizima cha habari, mawasiliano na vyombo vya habari. Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kitaifa, Chuo cha Mawasiliano ya Umma cha Kenya, KIMC, kilianza mwaka 1961 kwa kuwafunza wafanyakazi wa utangazaji, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha mafunzo ya uanahabari mwaka 1970 kwa msaada wa UNESCO. Kwa hiyo masomo haya bado ni machanga nchini. Magazeti yalitangulia, siasa ikatangulia, darasa likaja baadaye.

Mwanafunzi huingia kwa alama ya wastani ya C+ au zaidi katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, na kukaa miaka minne. Mwaka wa kwanza ni wa misingi: stadi za mawasiliano, historia ya vyombo vya habari, matumizi ya kompyuta. Mwaka wa pili na wa tatu huleta uandishi wa habari, utangazaji, upigaji picha, sheria na maadili, uhusiano mwema na mbinu za utafiti. Kisha huja kipindi cha atachimenti katika chumba cha habari au ofisi ya mawasiliano, na mwaka wa nne humalizikia kwa mradi wa utafiti. Mawasiliano ya kisiasa kwa kawaida huwekwa mwishoni, tena yakiwa somo moja tu. Mpangilio huo una kasoro. Kwa mtu anayesomea ufukweni mwa ziwa hili, siasa ndiyo malighafi ya habari nyingi atakazoziandika tangu zoezi lake la kwanza, na angepaswa kupewa mapema vifaa vya kuichambulia.

Mfano wa mtu aliyevuka kutoka uhariri hadi mamlaka unapatikana hapahapa Nyanza. Ramogi Achieng Oneko, mzaliwa wa Uyoma na mwanafunzi wa zamani wa Shule ya Maseno, aliingia katika magazeti ya Kidholuo miaka ya 1940, wakati Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipokuwa wakijenga shirika la biashara la LUTATCO. Shirika hilo lilipata mtambo wa kuchapa, Ramogi Press, uliotoa magazeti kwa lugha za Waafrika. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, magazeti ya aina hiyo yalifungwa na Oneko akashtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na wengine wanne. Alishinda rufaa lakini hakuachiliwa; alikaa kizuizini hadi mwaka 1961.

Miaka miwili baadaye akawa waziri wa habari na utangazaji. Ni katika kipindi chake, mwaka 1964, serikali ilipolichukua shirika la utangazaji na kulifanya idara yake, Sauti ya Kenya. Mhariri ambaye gazeti lake lilizimwa na dola akawa msimamizi wa redio ya dola. Mwaka 1966 alijiuzulu na kumfuata Odinga katika chama cha upinzani cha KPU. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Walinzi walifyatua risasi kwenye umati, watu wakafa, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. KPU ilipigwa marufuku siku chache baadaye, na viongozi wake, Oneko akiwemo, wakatiwa kizuizini. Yeye alitoka mwaka 1975. Katika miaka yote hiyo redio iliyotaifishwa chini ya wizara yake haikuwa na nafasi ya kueleza upande wake.

Maisha ya Oneko yanafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa fani hii kabla ya kufungua kitabu cha nadharia, kwa sababu yanajibu swali ambalo wengi huliuliza wakiwa wamechelewa: sheria na taasisi za habari zijengwe kwa ajili ya nani? Anayezijenga akidhani atakuwa serikalini daima huacha silaha mikononi mwa atakayemrithi. Na tukio la Oktoba 1969 lenyewe ni zoezi kamili la mbinu za utafiti. Mwanafunzi anaweza kuweka sambamba magazeti ya siku zile, taarifa rasmi za serikali na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa Mei 2013, kisha akaonyesha sentensi kwa sentensi ni nani aliyenukuliwa, ni nani aliyeachwa, na ni jambo gani lililochukua zaidi ya miaka 40 kuandikwa wazi. Zoezi kama hilo halihitaji studio wala kamera ya bei ghali.

Nadharia zinazotawala mihadhara ya mawasiliano ya kisiasa zilizaliwa Marekani na Ulaya. Hilo si kosa la nadharia. Kosa hutokea pale zinapokaririwa kwa ajili ya mtihani bila kupelekwa mahali zinapoweza kukubaliwa au kukataliwa na ushahidi. Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura 600 katika kaunti ya Erie, jimbo la Ohio, ufukweni mwa ziwa la huko, wakati wa uchaguzi wa mwaka 1940. Walikuta kwamba redio na magazeti hayakuwageuza watu wengi kama ilivyodhaniwa. Wengi walitegemea mazungumzo na mtu wa karibu waliyemwona kuwa anafuatilia mambo: habari ilifika kwa huyo kwanza, kisha kwake wakaipokea wengine. Baadaye Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 ambao hawakuwa wameamua, katika mji wa Chapel Hill, wakati wa kampeni za mwaka 1968. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1972 yalionyesha kuwa mambo yaliyopewa uzito na vyombo vya habari ndiyo yaleyale wapiga kura waliyoyataja kuwa mazito. Naye Elisabeth Noelle-Neumann wa Ujerumani alieleza mwaka 1974 jinsi mtu anayehisi kuwa maoni yake ni ya wachache anavyonyamaza, na jinsi unyamavu wake unavyowafanya wachache waonekane wachache zaidi.

Nadharia hizo zinaweza kupimwa Kibuye. Soko hilo liko kwenye barabara ya Kakamega, nje kidogo ya katikati ya jiji, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Theresa, na siku yake kubwa ni Jumapili. Wachuuzi hutandaza mitumba juu ya maturubai, omena zilizokaushwa hupimwa kwa mikebe, nyanya hupangwa kwa mafungu, na upande wa jua kali vitanda na majiko huuzwa kando ya mafundi wanaoyatengeneza. Redio huwa imewashwa kibandani: Ramogi FM, Mayienga ya shirika la KBC, Nam Lolwe. Mwanafunzi anayekaa hapo tangu asubuhi hadi jioni na daftari lake huona hatua zote mbili za Lazarsfeld zikitembea. Mtangazaji anasema jambo kuhusu ada za soko. Mwenye kibanda analisikia. Mteja anaposimama kununua, hapati maneno ya mtangazaji bali ya mwenye kibanda, yakiwa yameongezwa uzoefu wake wa kulipa ada hiyo kila siku kwa watu wa kanjo. Kufikia saa za jioni habari ileile ina sura tatu au nne. Kuziandika sura hizo, na kuonyesha iligeukia wapi, ni utafiti wa kweli wa mawasiliano ya kisiasa.

Soko lilelile linaonyesha hatari ya kuokota maoni barabarani. Tangu uhuru sehemu kubwa ya Nyanza imekuwa nyuma ya Jaramogi na, baada yake, mwanawe Raila Odinga. Ripota anayenyoosha kinasa sauti katikati ya umati Kibuye na kuuliza “Mnasemaje kuhusu serikali?” hupata jibu moja kutoka vinywa kumi, akarudi na kichwa cha habari kinachosema wakazi wa Kisumu wanataka hiki au kile. Mwenye maoni tofauti alikuwepo, pengine meza ya pili kutoka hapo, ila hakuona sababu ya kujitia matatani na majirani kwa ajili ya sekunde chache za redio. Mbinu za utafiti zinamfundisha ripota kuhoji mtu mmoja mmoja, faraghani, kwa kuchagua vibanda kwa utaratibu badala ya kumfuata anayepaza sauti, na kuuliza juu ya mambo mahususi: ada, maji, mwanga wa usiku, choo. Somo hilo hufundishwa kama hesabu kavu ya sampuli. Lingefundishwa Kibuye, wanafunzi wangeona mara moja kwamba sampuli ni suala la haki kwa mtu aliyenyamaza.

Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025 nchini India. Mwili wake uliletwa Kisumu tarehe 18 katika uwanja wa Mamboleo ili waombolezaji wautazame, na akazikwa kesho yake Kang’o ka Jaramogi, Bondo. Swali la nani sasa anasema kwa niaba ya eneo hili liko wazi kuliko wakati wowote katika miongo kadhaa, na makundi yanayolijibu yanapingana hadharani. Kwa watafiti wa maoni ya umma kipindi hiki ni adimu. Maoni yaliyokuwa yamefunikwa yanaweza kujitokeza, na wanaoyapima wanapaswa kuwapo tangu mwanzo.

Mazishi, si ya Raila pekee, yanastahili sura nzima katika mtaala. Vitabu vingi vya mawasiliano ya kisiasa hutumia kurasa kwa kurasa juu ya midahalo ya televisheni. Kenya ilipata mdahalo wake wa kwanza wa wagombea urais tarehe 11 Februari 2013. Ila mwaka 2017 Raila alijikuta jukwaani peke yake baada ya Uhuru Kenyatta kutofika, na mwaka 2022 William Ruto naye akazungumza peke yake baada ya Raila kususia. Wakati huohuo hakuna mwanasiasa wa Nyanza anayesusia matanga. Hapo ndipo miungano hutangazwa, wapinzani hushambuliwa, mgombea mpya hutambulishwa kwa wazee, na pesa za rambirambi hutolewa huku kila mtu akiona. Mpangilio wa wasemaji, anayepewa kipaza sauti mapema na anayewekwa mwisho, anayezomewa na anayetuliziwa umati na kiongozi wa dini, yote hayo ni lugha ya siasa yenye kanuni zake. Ripota aliyefunzwa huandika zaidi ya kauli kali iliyotolewa. Huandika pia nani alikuwa ameketi na nani, na familia ya marehemu ilisemaje kuhusu siku yao kugeuzwa mkutano.

Baada ya kusikiliza watu huja kazi ya kusoma karatasi, na hapa ndipo wahitimu wengi hupwaya. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, habari nyingi za siasa za Kisumu zimekuwa habari za bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka kalenda ambayo ripota yeyote anaweza kuibandika ukutani: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi kila robo mwaka, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufuata na ripoti zake. Ada anayolipa mchuuzi wa Kibuye hutokana na sheria ya fedha ya kaunti, ambayo haiwezi kupitishwa bila wananchi kushirikishwa.

Mwanafunzi anayejua kalenda hiyo hahitaji kungoja gavana aite kikao na wanahabari. Anaweza kuchukua ahadi ya choo au paa la soko, kuitafuta katika mpango wa maendeleo, kuona kama ilitengewa pesa katika makadirio, kuangalia katika ripoti ya robo mwaka kama pesa zilitumika, kisha kwenda kwa miguu kutazama kama choo kipo. Habari inayopatikana kwa njia hiyo ni vigumu kukanushwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza Ibara ya 35 ya Katiba, humpa raia haki ya kuomba nyaraka zilizokosekana. Kila kozi ya uandishi wa habari ingeweza kumtaka mwanafunzi aandike ombi moja halisi chini ya sheria hiyo na kuwasilisha jibu alilopata, au ushahidi kwamba hakujibiwa.

Upande wa pili wa meza nao umeandikwa katika sheria. Sehemu ya tisa ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti kuwasiliana na umma na kuweka mfumo wa mawasiliano unaotumia redio, televisheni, tovuti, mikutano na njia za kimila. Hiyo ndiyo iliyofungua nafasi nyingi za kazi kwa wahitimu wa mawasiliano katika kaunti 47. Ofisa wa mawasiliano analipwa na mlipa kodi, wala si gavana. Wajibu wake kisheria ni kumfikishia mwananchi taarifa, ikiwemo ile isiyompendeza mkubwa wake. Kwa vitendo, wengi hujikuta wakipiga picha za gavana akikata utepe. Chuo kinaweza kuwatayarisha kukataa kwa hoja, kwa kuwafundisha sheria hiyo kifungu kwa kifungu, jambo ambalo mihadhara ya uhusiano mwema haifanyi vya kutosha.

Uchaguzi ni mtihani mgumu kwa pande zote mbili. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho. Mwaka huohuo, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa urais. Kufikia Agosti 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka wazi mtandaoni picha za fomu za matokeo, 34A, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na vyumba vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe. Jumla zao zilipishana kutoka runinga hadi runinga kwa kuwa kila kimoja kilianza na fomu tofauti. Watazamaji wakashikwa na wasiwasi, na baadaye vyombo hivyo vikapunguza mwendo au vikaacha kabisa kabla ya kazi kwisha.

Fomu 34A ni karatasi ya ukurasa mmoja. Ina jina na nambari ya kituo, idadi ya waliojiandikisha, kura za kila mgombea kwa tarakimu, kura zilizokataliwa, jumla ya kura halali, sahihi ya afisa msimamizi na sahihi za maajenti. Kuisoma vizuri ni stadi inayofundishika kwa saa mbili: je, kura za wagombea zikijumlishwa zinalingana na jumla iliyoandikwa? Je, kura halali na zilizokataliwa kwa pamoja zinazidi waliojiandikisha? Ni maajenti wa nani hawakutia sahihi, na walisema kwa nini? Nakala hubandikwa kwenye mlango wa kituo. Darasa la wanafunzi 40 likigawanywa katika maeneobunge saba ya kaunti ya Kisumu linaweza kupiga picha fomu kadhaa usiku huo na kuzilinganisha na zilizowekwa mtandaoni. Zoezi kama hilo hutoa ripota asiyeyumbishwa na mgombea anayelia kuibiwa wala na yule anayejitangaza mshindi, kwa kuwa ameiona karatasi.

Sheria za utangazaji katika kipindi kama hicho zimetokana na machungu. Tarehe 30 Desemba 2007, baada ya matokeo kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji iliyoungua. Mtangazaji wa redio ya lugha ya mama, Joshua arap Sang wa Kass FM, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa tuhuma zilizohusu ghasia za wakati huo. Kesi ilisitishwa tarehe 5 Aprili 2016 bila kuzuia kufunguliwa upya. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza na papo hapo inaondoa ulinzi huo kwa uchochezi na matamshi ya chuki. Lakini sheria nzuri haikuzuia serikali kuzima runinga za Citizen, KTN na NTV tarehe 30 Januari 2018, Raila alipojiapisha Nairobi kuwa “rais wa wananchi”, na agizo la Mahakama Kuu la kuzirejesha halikutiiwa mara moja. Somo la sheria za habari linapokomea kwenye vifungu, bila historia ya jinsi vilivyotiiwa au kukiukwa, humpa mwanafunzi imani ambayo siku ya kwanza ya msukosuko itaivunja.

Kuna pia suala la kiunzi ambamo habari za Kisumu huwekwa na wengine. Kwa miongo mingi picha ya jiji hili katika vyombo vya Nairobi imekuwa vijana, mawe na moshi wa matairi katika mtaa wa Kondele. Agosti 2017 polisi waliingia nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Kisumu, na mtoto mchanga wa miezi sita akafa kutokana na kipigo. Mwaka 2019 hakimu wa Kisumu, baada ya uchunguzi wa kifo hicho, aliwakuta maafisa wa polisi na lawama. Ukweli huo ulipatikana kwa sababu familia ilisema, madaktari walisema, na waandishi walirudi tena na tena baada ya kamera za kitaifa kuondoka. Wanafunzi wanaosomea hapa wana wajibu mkubwa zaidi wa kujua kwamba neno “vurugu” katika kichwa cha habari huficha nani alimpiga nani.

Lugha nayo haipewi uzito unaostahili. Mihadhara, insha na mitihani ni kwa Kiingereza. Redio zinazosikilizwa zaidi kandokando ya ziwa ni za Kidholuo. Runinga za kitaifa hutaka taarifa ya Kiswahili kwa bulletini ya saa moja jioni. Gazeti la Taifa Leo linahitaji Kiswahili sanifu. Mhitimu anayeweza kuchambua bajeti kwa Kiingereza lakini akakwama kueleza “nakisi” au “deni la muda mfupi” kwa mchuuzi wa omena hajamaliza masomo yake. Kozi zinazodai habari ileile iandikwe kwa lugha tatu, kwa urefu uleule, humlazimisha mwandishi kuielewa, kwani maneno yaliyoazimwa hayawezi kumbeba katika lugha ya pili wala ya tatu.

Kuhusu ajira, hali ni ngumu na inapaswa kusemwa wazi kwa anayejaza fomu ya kuomba nafasi. Magazeti yamepunguza wafanyakazi, na waandishi wengi wa mashinani hulipwa kwa kila habari inayochapishwa badala ya mshahara. Mtu anayelipwa hivyo, aliyesafiri kwa bodaboda na tuktuk hadi Nyakach kwenye mkutano wa mwanasiasa, hupewa “nauli” na mwanasiasa huyohuyo. Kanuni za maadili zinazosimamiwa na Baraza la Vyombo vya Habari zinakataza kupokea, na zina haki. Ila mzigo wote usitupwe kwa ripota: mwajiri asiyelipia safari ndiye anayeifungua bahasha. Nchi jirani zimejaribu kuinua taaluma kwa kudai vyeti, Uganda kwa sheria ya mwaka 1995 na Tanzania kwa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Cheti kinaweza kumzuia asiyesoma. Hakiwezi kumlipia nauli aliyesoma. Wakati huohuo zimetokea kazi ambazo miaka 15 iliyopita hazikuwepo: kuhakiki madai katika mashirika kama PesaCheck na Africa Check, kuchambua data, kuendesha vituo vya mtandaoni. Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yalionyesha kwamba vijana wenye simu waliweza kuusoma mswada kifungu kwa kifungu na kuueleza kwa lugha za nyumbani, kazi ambayo vyumba vya habari vilikuwa vikiichelewesha. Aliyefunzwa kuhakiki ana nafasi katika mkondo huo. Aliyefunzwa kusoma taarifa kwa sauti nzuri pekee hana.

Uchaguzi mkuu ujao umewekwa kikatiba tarehe 10 Agosti 2027. Wanafunzi waliojiunga na vyuo mwaka 2024 watakuwa wanamaliza mwaka wa tatu, wakati wa atachimenti. Baadhi wataomba vyumba vya habari vya Kisumu, wengine watachukuliwa na sekretarieti za wagombea wanaohitaji vijana wa kuendesha kurasa za mitandao na kuandika hotuba. Kazi zote mbili ni halali na zote mbili zinafunza. Kisichofaa ni mwanafunzi mmoja kufanya zote mbili katika msimu mmoja, asubuhi akiripoti mkutano aliousaidia kuuandaa usiku. Idara inaweza kuzuia hilo kwa taratibu rahisi: kila mwanafunzi aandike mapema anakokwenda na anayemlipa, msimamizi wa chuo aliyetumwa kumkagua asome kazi yenyewe badala ya kutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio tu, na aliyefanyia mgombea asipangiwe habari za mgombea huyo atakaporudi katika gazeti au redio ya chuo katika mwaka wa nne. Mradi wa mwisho nao uchukuliwe kutoka msimu huo: hotuba za matangani kutoka Februari hadi Agosti, fomu za eneobunge moja, ada za soko la Kibuye zilivyoahidiwa na zilivyotozwa. Nakala ziwekwe maktabani pamoja na rekodi za sauti, ili kundi la mwaka 2032 liwe na kitu cha kulinganishia.